Bampa la Mbele

Mjomba wangu alininyang'anya karakana siku ya Ijumaa, baada ya chakula cha mchana, huku akichokonoa meno kwa kijiti. Hakugombana nami wala hakuinua sauti. Alisema tu kwamba amefikiri sana, na kwamba siku atakaposhindwa kabisa na kazi, vyombo vyote, fuawe, jiliwa, mitungi ya gesi na banda lenyewe, vitakuwa vya mwanawe. Kisha akaomba maji ya kunawa.

Ili mtu aelewe kwa nini nilitamani kummwagia maji hayo kichwani, sharti aijue desturi yetu. Sisi Wadigo tulikuwa tukihesabu ukoo kwa upande wa mama. Mpwa ndiye aliyemrithi mjomba wake, na mtoto wa mjomba naye alikuwa na wajomba zake wa kuwarithi. Dini ilikuja na mafungu yake, ya mtoto kumrithi baba, na katika miaka ile ya hamsini hapakuwa na kijiji, kuanzia Diani mpaka Majoreni, kisichokuwa na kesi ya namna hii. Sikuwa na ugomvi na sheria ya dini, na sina mpaka leo. Ugomvi wangu ulikuwa na mtu aliyenitumikisha miaka kumi na minne kwa mila, halafu akanitoa kwa sheria. Alipotaka wa kuvukuta moto na kubeba vyuma, nilikuwa mpwa. Ulipofika wakati wa kusema nani atashika ufunguo, akamkumbuka kadhi.

Karakana yenyewe ilikuwa Msambweni, kando ya barabara iendayo Lungalunga. Lilikuwa banda la kuta tatu, lililo wazi upande wa barabarani, lenye mabati juu kwa sababu makuti yaliwahi kushika moto mara mbili. Tulitengeneza majembe, mikokoteni, springi za malori, chochote cha chuma. Mjomba alikuwa fundi kwelikweli, hilo silikatai. Lakini alilehemu ujana wake wote bila miwani, akidai miwani inamziba, na sasa macho yalikuwa yamebaki kuona mwanga na kivuli tu. Kazi nzito zote zilikuwa zangu. Yeye alibaki na kazi moja aliyoifanya kila alasiri kabla ya kufunga: kuchukua kopo la mafuta ya nazi na kitambaa, na kupaka kila chuma kilichomo bandani, kimoja baada ya kimoja, kwa kupapasa. Pwani yetu chuma kisichopakwa mafuta hakilali salama. Upepo wa chumvi ukikipitia usiku mmoja, asubuhi kimeshaota kutu.

Mwanawe, binamu yangu, alikuwa rika langu. Alisoma Kwale, akawa karani wa duka Mombasa, akaacha au akaachishwa, sikuuliza. Alirudi akiwa na shati jeupe na vidole laini, na kwa mwaka mmoja alikuwa akija karakana saa tatu, akishika tupa kama mtu anayeshika samaki asiyemtaka. Sikumchukia mpaka Ijumaa ile. Baada ya Ijumaa ile nilimchukia kila kitu, hata namna alivyofunga kikoi.

Haukupita mwezi, akaja tajiri wa mbata kutoka Diani. Huyu alikuwa na gari kubwa jeusi la Kimarekani alilolilaza miaka mingi karibu na ufuo, na chumvi ilikuwa imeyala mabampa yote mawili mpaka ukiyagonga kwa ukucha yanatoboka. Mapya ya kulingana na gari lile hayakupatikana Mombasa wala Nairobi. Alitaka tumfulie mengine kwa mkono, kisha yapelekwe Mombasa yakachovywe kromu, gari ling'ae kabla ya Idi. Kazi ya namna hiyo hakuna fundi wa kijijini aliyekuwa ameifanya. Nilijua papo hapo kwamba atakayeifanya vizuri, jina lake litatoka Likoni mpaka mpakani, na karakana itakuwa yake, kadhi apende asipende.

Mjomba alilijua hilo vilevile. "Mwanangu ataitengeneza," alimwambia tajiri mbele yangu. "Mpwangu atamsaidia."

Damu ilinipanda, lakini nilijibu kwa adabu zote. "Mjomba, mabampa ni mawili. Mpe yeye moja nami nipe moja, kazi iende upesi."

Tajiri alisema ni sawa, na mjomba hakuweza kukataa mbele ya mgeni. Binamu akachagua la mbele, kwani hilo ndilo linaloonekana kwanza. Nikamwambia amechagua vyema.

Chuma nilikifuata mimi Taru, kwenye mzoga wa lori uliokuwa kando ya barabara kuu. Chuma cha bara ni kikavu, hakijui chumvi. Nilirudi na mabamba mazuri, lakini hakuna hata moja lililotosha urefu wa bampa zima. Ilibidi kila bampa liwe la vipande viwili, kimoja kimelalia juu ya kingine kwa upana wa vidole vitatu, na mshono ulehemiwe. Hapo kwenye malalio, baina ya bamba na bamba, hubaki uwazi mwembamba ambao jicho haliuoni.

Kabla hatujaanza, mjomba alitaka tujue fundi wa kromu anataka chuma kifikishwe kwake katika hali gani. Binamu alisema feri ya Likoni inamtia kichefuchefu. Feri ile huvuka kwa muda wa kunywa kikombe cha chai na wala haiyumbi, lakini sikubisha. Nikaenda peke yangu.

Fundi wa kromu alikuwa mzee wa Kihindi mwenye kiwanda kidogo nyuma ya soko, na vidole vyake vilikuwa vya kijani kwa dawa. Alinipokea vizuri, akanionyesha mapipa yake yote: hili la kuoshea, hili la tindikali, hili la shaba, hili la nikeli, na la mwisho kromu. Nilidhani kromu ni rangi nene ya kufunika makosa. Alicheka.

"Kromu haifuniki kitu," alisema. "Nyembamba hii, kuliko ngozi ya kitunguu. Mkwaruzo mmoja ukiacha kwenye chuma, kromu itauonyesha mpaka kwa kipofu. Kazi yote kwenu, kwangu kuchovya tu."

Akanifundisha moja baada ya moja, nami nikawa narudia ili nisisahau. Tupa kwanza, mpaka uso wa chuma uwe sawa. Kisha msasa wa chembe kubwa, halafu mdogo, halafu mdogo zaidi, na kila ukibadilisha msasa usugue upande mwingine, mpaka mistari ya msasa wa kwanza iishe yote. Vishimo vya kutu vizibwe kwa shaba, visizibwe kwa rangi wala lami. Kila penye mfuko au mkunjo pawe na tundu la kutokea maji. La mwisho alilisema kwa kuninyoshea kidole.

"Mafuta hapana kabisa. Ninyi watu wa pwani mnapaka nazi kila kitu. Juu mimi naosha kwa magadi ya moto, yanatoka. Lakini yakiingia ndani ya mshono, nani atayafikia? Kromu itakaa vizuri mwezi mmoja. Jua likipiga, mafuta yatatafuta njia ya kutoka, yataibandua."

Nilivuka feri nikiwa na maneno hayo mdomoni. Ndani ya basi niliyarudia yote, kuanzia tupa mpaka tundu. Nilipofika, mjomba na binamu walikuwa wamekaa bandani wakinisubiri. Nikawaeleza habari ya tupa, ya msasa, ya shaba, ya matundu. Ya mafuta nikayaacha.

"Ndiyo hayo tu?" mjomba akauliza.

"Ndiyo hayo tu, mjomba."

Sitasema kwamba nilisahau. Sitasema kwamba shetani alinipitia. Nilikuwa nimeamua Tiwi, basi liliposimama kupakia abiria, na kutoka Tiwi mpaka Msambweni nilikuwa nikifurahi peke yangu hata jirani yangu akaniuliza kama kwetu kuna arusi.

Tukaanza kazi. Mimi bampa langu nililishona mshono mzima, juu, chini na pembeni, bila kuacha hata penye kupita unywele. Binamu alilehemu kwa kurukaruka, hapa kidogo, pale kidogo, akasawazisha kwa tupa na kusema umeshikana. Ulikuwa umeshikana. Lakini malalio yalikuwa wazi, na mimi niliyaona, na mimi nilimsifu. Nilimwambia ana mkono mwepesi.

Msasa ulituchukua wiki tatu. Bandani hapakuwa na umeme, kwa hiyo kazi yote ilikuwa ya mkono. Mwishoni tu ndipo nilipotumia gurudumu la kitambaa nililolifunga kwenye miguu ya cherehani kuukuu, nikikanyaga kwa mguu na kusukuma chuma kwa mikono miwili. Wiki ya kwanza vidole vilichubuka. Wiki ya pili nilikuwa siwezi kula pilipili kwa mkono. Nilisugua kwa hasira, na hasira ni msaidizi mzuri wa msasa. Kila mstari niliouona nilimwona mjomba akichokonoa meno, na sikuuacha mpaka ulipofutika. Bampa la gari lile lilikuwa na mzunguko mwembamba kwenye pembe zake mbili, mahali ambapo fundi mvivu hupunguza. Sikupunguza. Nililala kifudifudi juu ya gunia nikakwangua pembe zile kwa kipande cha msasa kilichozungushiwa kijiti.

Kila alasiri mapema nililiosha langu kwa maji ya majivu, nikamwaga maji safi juu yake nikaangalia. Chuma safi, maji hutanda juu yake yote mara moja. Chenye mafuta, hata ya kidole tu, maji hugawanyika yakawa matone. Yalipotanda, nilikausha na kulipaka chokaa, chokaa ile ile ya matumbawe tunayopakia nyumba, nikalifunga kwa kitambaa. Chokaa huzuia kutu vilevile, na huoshwa ikatoka yote. Hili nalo alinifundisha mzee wa Kihindi, nami nikaliweka kwangu.

Na kila alasiri, mjomba alipita na kopo lake.

Alilipaka la mwanawe kuliko alivyopaka kitu chochote bandani. Alikaa chini, akalipakata miguuni, akalipapasa toka ncha hadi ncha, na kwa sababu mshono ulikuwa na mwanya aliousikia kwa kidole, aliona huko ndiko kutu itakakoanzia. Alikuwa akitia mafuta hapo kwa makusudi, tone kwa tone, akilisubiri lizame, akitia jingine. Nilikuwa hatua tatu kutoka kwake nikilifunga langu kwa kitambaa. Nilimwona siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, siku zote. Siku moja mikono yake iligusa bampa langu kabla sijalifunga.

"Hili lako mbona kavu?" akauliza. "Lina unga."

"Ni chokaa, mjomba. Najaribu."

"Jaribu," akasema. "Lakini mimi mafuta ya nazi hayajanitupa."

Hapo palikuwa na nafasi. Neno moja lingetosha: mjomba, usitie mafuta hapo. Tungelichoma lile bampa kwenye moto, mafuta yangeungua, mshono ungezibwa, na kazi ingeanza upya. Badala yake nilikwenda kukanyaga gurudumu tupu kwa nguvu ili nisimsikie akiimba kasida zake taratibu huku akitia mafuta. Nilisema moyoni: tia, mzee, tia, mtilie mwanao.

Mabampa niliyapeleka mimi Mombasa, juu ya basi, kila moja ndani ya gunia lake. Fundi wa kromu alipoliona langu alipitisha kiganja bila kuligusa, akanitazama, akatikisa kichwa namna ya watu wake ya kukubali. Kisha akaligeuza la binamu akachungulia ule mshono.

"Hapa hapajazibwa. Mafuta?"

"Hapana," nikasema.

"Kweli?"

"Wallahi."

Mzee akaniamini. Nilikuwa nimekula kiapo cha uongo kwa ajili ya bampa la gari, na papo hapo nikamwuliza yatakuwa tayari lini. Hata leo nikiulizwa na Mola wangu, sina cha kujitetea nacho isipokuwa kwamba nilikuwa nimeonewa.

Yalipotoka, yalikuwa mazuri yote mawili. Nakiri kwamba nilibabaika kidogo. Tulipoyafunga kwenye gari, hakuna aliyeweza kutofautisha, na tajiri alizunguka gari lake mara tatu akisema mashallah. Mjomba aliyapapasa, akamshika mwanawe bega mbele ya watu, akasema, "Huyu ndiye atakayekaa hapa." Binamu akapokea pongezi zote, za mbele na za nyuma. Nami nikapokea yangu: mkaza mjomba alinipa sahani ya wali. Idi ikapita, gari likaenda likirudi na kung'aa kwake, na kwa wiki kadhaa nilidhani mzee wa Kihindi alikuwa akinitisha tu. Zilikuwa wiki mbaya sana kwangu. Nilikuwa nikilitazama jua kila asubuhi na kuliomba lizidi.

Lilizidi. Ilikuwa kaskazi, na kaskazi ya mwaka ule ilichoma.

Ijumaa moja tajiri alikuja kusali Msambweni, akaegesha gari lake nje ya msikiti. Tulipotoka, wanaume walikuwa wamelizunguka. Nyuma ya gari walikuwapo wawili wameinama, wanajitazama ndani ya bampa langu na kuweka kofia zao sawa. Wengi walikuwa mbele. Katikati ya bampa la mbele, juu ya mshono, kromu ilikuwa imefura malengelenge, makubwa kwa madogo, na hudhurungi ikichuruzika. Mtu mmoja alichokoza lengelenge kwa ukucha. Kipande kirefu kikabanduka, kikabaki mkononi mwake, na chini yake ukatoka uchafu wenye utelezi. Akanusa.

"Nazi hii!" akasema, na watu wakaangua kicheko.

Sijaona furaha nyingine ya aina ile. Nilioa, nimepata watoto, nimekwenda Makka, na kote huko nilifurahi, lakini furaha ya kumwona binamu yangu amesimama katika umati ule na shati lake jeupe, midomo imemkauka, ilikuwa na utamu wa peke yake. Nisingeibadilisha na kitu. Niliinywa yote.

Tajiri akauliza, bila hasira, na hiyo ndiyo mbaya zaidi, "Hili la mbele si lako, bwana?"

Nilingoja binamu akubali kwamba ni lake. Siku zote alikuwa akisema hivyo. Binamu akatazama huku na huku, akamwona baba yake akitoka msikitini kwa kupapasa ukuta, akamnyoshea kidole.

"Baba ndiye aliyelitia mafuta," akasema. "Mimi kazi yangu ilikuwa nzuri. Yeye kila siku alikuwa akilitia mafuta."

Kicheko kikakatika. Mjomba alisimama pale pale. Hakuwa ameona kitu, ilibidi mtu amweleze, na alipoelezwa akaomba apelekwe penye gari. Wakampisha. Akapapasa yale malengelenge kwa vidole vyote kumi.

"Ni kweli," akasema kwa sauti ya kusikika. "Ni mimi. Mwanangu hana kosa. Ni mkono wangu huu na upofu wangu."

Kisha akageuza uso kutafuta nilipo, akashindwa, akauliza watu, "Na la nyuma je?" Wakamwambia la nyuma ni zima, linang'aa kama siku ya kwanza. Akatikisa kichwa polepole. Nilijua kwamba ameanza kuhesabu.

Siku ya tatu aliniita bandani asubuhi. Tajiri alikuwa amelirudisha bampa la mbele na kusema kwamba lingine nitengeneze mimi. Mjomba alikuwa amekaa chini nalo, kopo la mafuta halikuwapo. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, akaniambia nikae.

"Ile chokaa," akasema. "Ulikuwa ukijaribu nini?"

"Kuzuia kutu, mjomba."

"Mafuta hayazuii kutu?"

Nikainamia lile bampa, nikagusa mshono.

"Yule Mhindi alikwambia."

"Alinambia."

"Na wewe uliniona nikitia."

"Nilikuona."

"Siku ngapi?"

"Siku zote, mjomba."

Nilikuwa nimeyatayarisha maneno yangu tangu Ijumaa ile ya kwanza, yote ya miaka kumi na minne, na nilingoja anikaripie tu nipate kuyamwaga. Ningemwambia habari ya mila na sheria. Ningemwambia habari ya mikono yangu. Lakini hakunikaripia. Alifungua mkanda wake, akatoa ufunguo wa kasha la vyombo, akanyosha mkono, si upande nilipokuwa hasa, pembeni kidogo, ikabidi nisogee.

"Shika."

"Mjomba—"

"Nilitaka mwanangu apate kazi. Lakini mtu anayeweza kuniangalia siku zote zile, karibu hivyo, na akanyamaza, mwanangu hatamweza. Nikifa utammaliza. Basi chukua karakana, uniachie mwanangu."

Nilikuwa nimetaka aseme kwamba mimi ni mpwawe. Nilikuwa nimetaka aseme kwamba mimi ni fundi kuliko mwanawe. Alinipa kila kitu nilichokuwa nikikitaka, na alinipa kama mtu anavyompa mnyang'anyi mkoba wake njiani. Nikauchukua ufunguo. Nisingeweza kuuacha, nilikuwa nimeupigania sana, na atakayesema kwamba yeye angeukataa, namwambia hajatumikia mtu miaka kumi na minne.

Karakana ikawa yangu, na kazi ikaja. Kwa jina la lile bampa la nyuma waliniletea vyuma kutoka Kinango na kutoka Likoni. Binamu alirudi kwenye ukarani, akafanya vizuri huko, tukikutana tulisalimiana. Habari ya kiapo nilichokula Mombasa hakuijua yeye, wala baba yake mpaka siku alipoingia kaburini.

Miezi kadhaa baada ya kunipa ufunguo, asubuhi moja, nilikuwa napitisha tupa kwenye kipande cha grili nikasikia mtu anasema, "Hodi." Nilishangaa, kwa maana banda lile halikuwa na mlango. Mtu aliingia tu, mbuzi waliingia, kuku waliingia. Nikatazama. Alikuwa mjomba, amesimama nje juani na mkongojo wake, mbele ya banda alilolijenga kwa mikono yake, anangoja ruhusa yangu.

"Karibu, mjomba. Karibu ndani."

"Hapa panatosha," akasema.

Nikamtolea kigoda. Akakaa nje, ubavu umenielekea, nami nikarudi kwenye kazi. Mtu huyu alikuwa akijua kwa sikio tupa iliyonyooka na tupa iliyopinda. Tangu nilipoanza kushika chombo sikupata kukosea mara mbili bila yeye kunipigia kelele kutoka huko aliko, hata awe chooni. Nilisugua kidogo sawasawa. Kisha nikaipinda tupa kwa makusudi, ikalia vibaya. Nikamtazama. Nikaipinda tena, kwa nguvu, nikakiharibu kile kipande chote, kazi ya siku mbili, nikingoja aniambie unafanya nini wewe.

Alikaa mpaka adhuhuri akisikiliza. Alipoadhiniwa akainuka, akasema, "Kazi njema, fundi," akaenda kusali.